Sumaku ya Kuwasha na Kuzima



Leo naijibu barua ya ndugu yetu mmoja wa Kahororo, Bukoba. Anasema yeye na wenzake wanafikiria kumpa fundi fedha zao za kahawa awatengenezee mashine ya kupandisha maji, mashine isiyotumia mafuta wala umeme, bali sumaku peke yake. Fundi amewaonyesha sumaku yenye kishikio: ukikizungusha huku inashika chuma, ukikizungusha kule inaachia. Anauliza, je, jambo hili linawezekana?

Sumaku ya namna hiyo ipo kweli. Mafundi wa karakana huitumia kushikilia vyuma. Na ni kweli pia kwamba mota huendeshwa kwa sumaku inayowashwa na kuzimwa. Hata wewe unaweza kujaribu nyumbani. Chukua msumari wa inchi nne, uuzungushie waya mwembamba wa shaba wenye vanishi, mizunguko mia moja hivi. Kwangua ncha za waya, kisha ziunganishe na betri mbili za tochi. Msumari utaokota pini. Ukiachia waya, pini zinaanguka. Usiziache ncha zimeshikana muda mrefu, maana waya utakuunguza vidole. Na umeme wa nyumbani usiuguse kabisa kwa jaribio hili.

Sasa tafuta gunzi kavu la muhindi, lichome spoku ya baiskeli katikati, uilaze spoku juu ya panda mbili za mti ili gunzi lizunguke. Kandokando ya gunzi pigilia misumari midogo mitatu kwa nafasi sawa. Sogeza sumaku yako karibu bila kugusana. Lisukume gunzi kidogo. Msumari ukikaribia, gusisha waya. Ukifika mbele ya sumaku, achia. Utahitaji mazoezi, lakini gunzi litazunguka. Ukichelewa kuachia, sumaku inaurudisha msumari nyuma na gunzi linasimama.

Hapo ndipo penye siri yote, ndugu. Sumaku isiyozimwa hudai tena kile ilichotoa. Ni lazima izimwe, na kuizima kuna gharama. Kwenye gunzi lako, anayelipa ni betri. Kwenye sumaku ya kishikio, anayelipa ni mkono: ukijumlisha mzunguko mzima, kuwasha, kuvuta chuma na kuzima, kazi ya mkono haipungui ile inayotoka kwenye gurudumu. Mwenye baiskeli ya dainamo analijua hili. Sumaku ya dainamo hukaa miaka bila kuchoka, lakini ukiwasha taa kupanda mlima, miguu yako ndiyo inayochoka.

Michael Faraday wa Uingereza alizungusha waya kandokando ya sumaku mwaka 1821, naye alitumia betri. Hata pikipiki za umeme za siku hizi, ambazo kifaa kidogo ndani yake hufanya ile kazi ya kidole chako ya kugusisha na kuachia, hazitembei bila kuchajiwa.

Simwiti fundi yule mwongo. Wengi hujidanganya wenyewe kwanza. Mimi mwenyewe niliwahi kukesha na gurudumu kama hilo, nikidhani limebakiza kidogo tu.

Basi ndugu wa Kahororo, fanyeni hesabu. Kupandisha debe la lita 20 urefu wa mita 10 kila dakika kunataka wati 33 hivi, kabla ya hasara yoyote. Mwulizeni fundi wati hizo zinatoka wapi. Kabla ya kutoa hata senti moja, mwambieni aiache mashine ipandishe maji mchana kutwa mbele yenu, sanduku likiwa wazi, mtazame kama hamna betri ndani. Na mkienda kwa muuza pampu za jua, naye mwulizeni vivyo hivyo: lita ngapi kwa siku, na kwa kimo gani. Akikujibuni, mtuandikie tena.

Kwaherini.