Mshushe Mtoto Mgongoni Acheze



Leo tuzungumze juu ya mtoto mchanga na mchezo. Pengine mmoja wenu anajiuliza: mtoto wa miezi 2 anacheza mchezo gani? Anacheza. Kunyanyua kichwa ni mchezo wake, tena ni kazi nzito. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa ni karibu robo ya urefu wa mwili wake wote! Shingo na mgongo wake hupata nguvu kwa kutumiwa, kama mkono wa mkulima.

Mama akienda shamba, mtoto yuko mgongoni. Akirudi akitwanga, yuko mgongoni. Simlaumu, na mbeleko ni kitu kizuri. Lakini mtoto aliyefungwa kutwa hana nafasi ya kujigeuza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto asifungwe mgongoni zaidi ya saa 1 mfululizo. Tena, yule ambaye bado hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi, akiwa macho, jumla ya dakika 30 kwa siku au zaidi. Si kwa mara moja. Anza na dakika 2 au 3, kisha rudia.

Hufanywa hivi. Tandika mkeka na kanga safi mahali pa kivuli, mbali na moto. Mtoto asiwe ametoka kunyonya sasa hivi, atacheua. Mlaze kifudifudi. Wewe nawe lala chini, uso kwa uso, umwite. Atanyanyua kichwa akutafute. Akilia mbebe, ujaribu tena baadaye. Akisinzia mlaze chali, maana kulala usingizi kifudifudi ni hatari kwa mtoto mchanga.

Shingo ikikaza, weka kikombe cha bati mbele yake, ajinyooshe kukifuata. Au mlaze chali umchezeshe miguu kama mpanda baiskeli, polepole, huku unamwimbia. Usimvute kwa nguvu. Usimtikise kabisa, kumtikisa huumiza ubongo. Punje za mahindi na maharage ziwe mbali, kwa sababu kila kitu anatia kinywani.

Wengine huchimba shimo wakamketisha mtoto humo ili akae upesi. Haraka ya nini? Shirika hilohilo lilipima watoto wenye afya katika nchi 5, Oman ikiwamo, likatangaza matokeo mwaka 2006. Walianza kukaa bila kushikwa kati ya miezi 4 na 9 hivi. Kutembea peke yao, wengine waliwahi kwenye mwezi wa 8, wengine walichelewa hadi wa 17. Na watoto 4 hivi katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti. Walisimama dede wakaenda zao. Basi yale ya "wa kwangu ametembea kabla ya wako" tuyaache kisimani.

Lakini yupo mtoto wa kupelekwa kliniki bila kungoja. Ana miezi 10 hawezi kukaa. Au ana mwaka na nusu hatembei. Au anatumia mkono mmoja tu, au mwili umekakamaa, au umelegea kama kitambaa. Huyo hajarogwa, wala mama yake hakuvunja mwiko. Watoto wa namna hii hufichwa ndani, nalo ni kosa kubwa. Chukua kadi yake, nenda, sema wazi unachokiona. Mtoto akianza mazoezi mapema hufaidika kuliko akingojewa akue.

Mtasema: "Mwalimu, kuna kuni, kuna maji, dakika 30 nitazipata wapi?" Swali la haki. Nawauliza akina baba mnaocheza bao jioni. Mchezo huu hautaki maziwa ya mama, unataka uso na sauti tu. Mnasema mtoto mchanga ni kazi ya wanawake. Mbona siku ya kumpa jina mnagombea nyinyi?

Haya, mkeka nimekuja nao. Nani ana mtoto aliye macho?