Jembe letu, makali yao

Neno la kusoma: 1 Samweli 13:19-22

  

Mufungue Biblia zenu katika 1 Samweli sura ya 13. Watu wengi wanapita mbio juu ya mistari hii ine, kwa sababu wanakimbilia ushindi wa Yonatani katika sura ya 14. Leo tusikimbie.

Habari ni hii. Waisraeli walikuwa na inchi yao, mashamba yao, majembe yao na mashoka yao. Lakini katika inchi nzima hakukuwa fundi wa chuma hata mumoja. Wafilisti walifanya hivyo kwa kusudi, kwa sababu waliogopa Waebrania wasijitengenezee panga na mikuki. Basi jembe likipoteza makali, mutu alipaswa kutelemuka kwa Wafilisti, kungoja, na kulipa. Bei yenyewe inaitwa pimu katika Kiebrania. Kwa miaka mingi watafsiri wa Biblia hawakujua neno hilo maana yake nini. Halafu watu wanaochimba vitu vya kale wakapata katika udongo wa Israeli vijiwe vya mizani vilivyoandikwa neno hilohilo, na uzito wake ni karibu gramu 8. Ni kusema mulimaji alilipa karibu gramu 8 za feza kwa kunoa kitu kilichokuwa chake mwenyewe.

Jembe lilikuwa la Muisraeli. Makali yake yalikuwa mukononi mwa Mufilisti. Na siku ya vita ilipofika, katika jeshi lote ni Saulo na mwana wake Yonatani tu waliokuwa na silaha za kweli.

Wandugu, tunafundisha jambo hili kwa sababu lilitufikia hapa Base.

Mama mumoja wa kanisa letu, mujane wa askari, alinunua taa za jua: plake moja ndogo ya kuweka juu ya nyumba, kisanduku chenye batri, balbu tatu, na waya ya kuchaji telefone. Alilipa kidogokidogo, juma kwa juma. Kila mara alipochelewa, taa zilizimika zenyewe, mpaka atume feza na kupokea namba za kuzifungua. Hakunungunika, kwa maana ndivyo walivyopatana. Akalipa mpaka mwisho, wakamwambia: "Mama, sasa ni yako." Siku ya Mungu akatoa ushuhuda, na sisi wote tukapiga makofi.

Hazikupita siku nyingi, taa zikazimika tena, na mara hii hakuwa na deni la mutu. Akapanda moto, akaenda Kamina na kisanduku chake mapajani. Muuzaji akamwambia kwamba kitu kile hakitengenezwi, anunue kingine. Mama akaomba wakifungue tu, waangalie. Wakamwambia hakifunguliwi. Na kweli, vise zake zilikuwa za namna ambayo turnevisi zetu zote haziingii.

Binti wa mama huyu alikuwa anajitayarisha kwa egzamen ya Leta. Majuma sita alisoma usiku na taa ndogo ya mafuta, mpaka moshi ukamuumiza macho. Mama alikuwa amebaki na mbuzi wawili. Akauza mumoja, ili aanze kulipa kisanduku kipya. Mbele ya kwenda kulipa, akatuletea shida yake tumuombee.

Na sisi wachungaji tulifanya nini? Tunaungama hapa mbele yenu. Tuliweka mikono juu yake, tukaomba Mungu amupe kipya. Hatukuuliza kile cha zamani kina ugonjwa gani.

Kijana mumoja wa korali alikuwa amesimama mulangoni. Anatengeneza telefone pale sokoni, chini ya mwavuli, na kusema kweli hatukuwa tumewahi kumwita mbele ya kanisa kwa neno lolote. Akasema kwa sauti ndogo: "Baba Pasta, ninaweza kukiona?" Akatwaa waya ngumu ya gurudumu la kinga iliyovunjika, akaisugua juu ya jiwe mpaka ikapata umbo la vise zile, akafungua. Ndani sisimizi walikuwa wamejenga, unyevu ulikuwa umeingia, na waya moja ilikuwa imeachana na mahali pake kwa kutu. Akafukuza wadudu, akasafisha na muswaki wa zamani, akachomelea waya. Jioni ile taa zikawaka. Mama alimulipa bei ya meka moja ya unga.

Feza ya mbuzi ikaenda kulipa masomo ya binti. Lakini mbuzi mwenyewe alikuwa amekwisha kuchinjwa. Majuma sita ya giza hayawezi kurudi. Na sisi tuliomba hata bila kumutafuta fundi ambaye Mungu alikuwa amekwisha kumuweka ndani ya korali yetu.

Tangu siku ile tunajiuliza: mama alilipa mpaka franka ya mwisho. Kisanduku kilikuwa chake. Kwa nini basi makali yalibaki kwa mwingine?

Musifikiri ni shida ya Base peke yake, ao ya watu masikini peke yao. Katika Marekani kuna walimaji wenye trakta kubwa za bei kali. Trakta inasimama katikati ya mavuno, na mulimaji hawezi kuitengeneza mwenyewe, kwa sababu ndani yake kuna programu inayofunguliwa na watu wa kampuni tu. Anangoja, mvua inakuja, mavuno yanaharibika. Mumesikia? Ni 1 Samweli 13 kabisa, hata jembe limo! Walimaji walilalamika kwa miaka, na mwaka 2023 jimbo la Colorado likaweka sheria inayolazimisha kampuni kuwapa walimaji na mafundi wao vipande, vyombo na maelezo ya kutengeneza mashine zao. Katika Ufaransa, tangu Januari 2021, telefone, ordinatere, televizio na mashine za kufulia zilianza kuandikiwa alama karibu na bei, toka 0 mpaka 10, ili munuaji ajue kama kitu kinatengenezeka. Na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria inayosema kwamba kwa vitu kama telefone na mashine za kufulia, kampuni inapaswa kukubali kutengeneza hata kisha garanti kumalizika, na isitie vizuizi vya kumufunga fundi wa inje.

Kumbe watu wa inchi tajiri nao wamechoka kutelemuka kwa Wafilisti!

Na sisi wa Kongo tuna sababu nyingine tena ya kulia juu ya jambo hili. Batri nyingi za telefone zina kobalti ndani yake. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka katika inchi yetu, na sehemu kubwa inatoka Lualaba, jirani yetu. Mpaka mwaka 2015 tulikuwa nao jimbo moja la Katanga. Vijana wetu wanaijua kazi ile, wengine walienda Kolwezi na hawakurudi wazima. Jiwe linatoka katika udongo wetu kwa jasho na kwa damu, linazunguka dunia, halafu linaturudilia ndani ya kisanduku ambacho tunaambiwa hakifunguliwi. Kikizimika, tunakitupa kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba. Katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme, na hata robo yake haikuandikwa kwamba ilikusanywa na kutumiwa upya kwa njia nzuri. Bwana wetu, kisha kulisha watu elfu tano, aliagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kitu kisipotee. Ni Yohana 6:12. Yeye mwenye uwezo wa kuumba mikate alihesabu vipande.

Sasa turudi nyumbani mwetu, kwa sababu hukumu inaanzia katika nyumba ya Mungu.

Sisi wahubiri tumekosa. Mara ngapi tumehubiri kana kwamba baraka ni lazima iwe kitu kipya? Ndugu anakuja na telefone mupya, tunasema Mungu amemuinua. Ndugu mwingine amefunga yake na kipande cha mupira, tunamuhurumia, kumbe ni yeye aliyetumia vizuri alichopewa. Wazazi wanasema mutoto akishindwa masomo, ndipo aende kujifunza ufundi. Tumesahau kwamba Bwana Yesu aliwakuta Yakobo na Yoane ndani ya chombo, wakitengeneza nyavu zao pamoja na baba yao, na akawaita pale pale. Na Mungu mwenyewe alimutuma Yeremia kwa mufinyanzi akaone chungu kilichoharibika mukononi kikifinyangwa upya. Kama Mungu angekuwa wa kutupa na kununua kingine, nani kati yetu angekuwa hapa leo?

Lakini ninyi mafundi, tuna neno na ninyi pia. Wengine wenu munapokea telefone yenye kosa dogo, munatoa kipande kizuri, munaweka kilichokufa. Wengine munachukua feza ya kwanza, na mwenye kitu anazunguka miezi mitatu. Ndiyo maana watu wanaona afazali kununua kipya. Musome 2 Wafalme 12. Wakati wa mufalme Yoashi, mafundi waliotengeneza nyumba ya Bwana hawakuombwa hesabu ya feza, kwa maana walitenda kwa uaminifu. Fundi wa kanisa ataje bei mbele ya kufungua, arudishe kipande cha zamani mukononi mwa mwenyewe, na kitu kikishindikana aseme: "Hiki kimeshindikana." Kuna vitu vinavyoshindikana, na kusema hivyo si haya.

Na wote muangalie hatari. Batri ya telefone iliyovimba musiitoboe, musiitupe motoni, inaweza kuwaka. Batri ya motokari ina asidi na ina risasi, vyote ni sumu. Musiimwage karibu na kisima, musiyeyushe risasi yake mahali watoto wanapocheza ao mama anapopikia. Kutengeneza kusitie kifo nyumbani.

Basi tufanye nini? Mbele ya kutoa feza yako, uliza muuzaji maneno haya: kikiharibika, nani atakitengeneza? Vipande vinapatikana wapi? Kinafunguliwa na turnevisi gani? Akikujibu "hakifunguliwi", ujue unanunua jembe bila makali. Usione haya kuuliza, feza ni yako. Kama umemaliza kulipa, dai kwa heshima karatasi inayosema kitu ni chako, na usikubali mutu akuambie huna ruhusa ya kukifungua. Usiende peke yako. Wazee wa kanisa wako tayari kukusindikiza.

Na kanisa letu limepatana hivi: siku ya posho ya kwanza ya kila mwezi, mafundi wetu watakaa katika kiwanja cha kanisa, chini ya miembe, toka saa mbili ya asubui. Mulete taa, radio, telefone, mashine za kushona, kinga. Kila mutu atalipa kipande kilichonunuliwa na jasho la fundi, na mujane asiye na kitu atasaidiwa na mufuko wa diakonia. Wazazi mulete vijana wakae karibu na mafundi, wajifunze, wavulana na wasichana. Yule kijana wa korali ndiye atakayewaongoza. Mara hii tutamwita mbele, tumuombee.

Israeli haikupona siku ile kwa panga mbili tu, Mungu ndiye aliyewapa ushindi. Lakini kisha kushinda, inchi inahitaji watu wanaojua kunoa.

Tuombe. Baba, utusamehe, tuliomba vipya na kuzarau mikono uliyotupa. Uwabariki mafundi wetu, uwape macho mazuri na moyo wa kweli. Uwalinde vijana wanaochimba mawe chini ya udongo. Uwape wenye kutengeneza sheria katika inchi yetu akili ya kumulinda mujane anayelipa mpaka mwisho. Na sisi tulioharibika, uendelee kututengeneza. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.