Gari la Fahari kwa Bei ya Chee
Hotuba ya maofisa wa polisi wa ushirikishwaji jamii mbele ya wakazi wa Busia, upande wa Uganda



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya magari makubwa ya njia mbovu, yale ya thamani: Land Cruiser, Prado, Range Rover, Discovery, Lexus. Tunajua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya matajiri wa Kampala na Nairobi. Lakini magari hayo yakitoka Mombasa hupita mlangoni petu. Wafanyabiashara wetu wa mahindi na samaki huyanunua yakiwa yametumika, na vijana wetu hupewa ujira wayavushe au wayalaze uani usiku mmoja. Gari likishikwa, aliyekutwa nalo ndiye wa kwanza kuulizwa.

Hatusemi haya kwa kubahatisha. Mwaka 2015 Lexus moja iliyoibwa Uingereza ilikuwa na kifaa cha kuonyesha mahali lilipo, nacho kikawaongoza wachunguzi kupitia Oman na Mombasa hadi Kampala, ambako yalipatikana magari mengine ya wizi. Mwaka 2019 magari ya fahari yaliyoibwa Uingereza yalikamatwa katika bandari ya Mombasa, yamefichwa ndani ya kontena lililodaiwa kubeba vyombo vya nyumbani.

Mnunuzi mwema huuliza: kosa langu ni nini, nami nimelipa fedha zangu halali? Jibu ni chungu. Mwizi hana miliki, kwa hiyo hana cha kukuuzia. Gari litarudi kwa mwenyewe au kwa bima iliyokwisha kumlipa, nawe utabaki kumtafuta muuzaji ambaye simu yake imezimwa. Na ikionekana ulijua, au bei yenyewe ilitosha kukujulisha, utashtakiwa kwa kupokea mali ya wizi.

Basi kabla ya kuvutiwa na viti vya ngozi, tafuta namba ya chesisi. Katika Land Cruiser huwa imegongwa katika chuma cha fremu, karibu na gurudumu la mbele. Katika Range Rover utaisoma pia kupitia kioo cha mbele, pembeni chini. Ilinganishe na kibandiko cha mlangoni na kadi ya gari, herufi kwa herufi. Papasa chuma kwa kidole: alama za kusugua, rangi mpya mahali pamoja tu, au tarakimu zisizokaa mstari mmoja ni dalili mbaya. Namba ya kimataifa ina herufi na tarakimu 17, na kamwe haitumii I, O wala Q. Ya Land Rover iliyoundwa Uingereza huanza na SAL. Toyota iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani haina hizo 17. Ina namba fupi yenye kistari katikati. Kwa hiyo mtu akikuambia Land Cruiser yake ilitumika Japani, huku chesisi yake ina namba 17, mwambie aeleze vizuri.

Dai funguo zote mbili. Magari mengi ya sasa huibwa bila ufunguo, kwa vifaa vya kunasa mawimbi yake. Kisa cha ufunguo wa pili uliopotea tumekisikia mara nyingi mno.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa mpakani hulidharau kwa kuwa tumelizoea. Gari lenye namba za Kenya huruhusiwa kuingia kwetu kwa muda, kwa kibali. Kuliuza hapa bila kulipia ushuru ni kuvunja sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, hata kama halikuibwa, na forodha wana haki ya kulitaifisha. Tena, tangu mwaka 2018 Uganda hairuhusu kuingizwa gari dogo lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Ndiyo maana wengine huchonga mwaka mpya katika karatasi. Soma vibandiko vya mikanda ya viti, kwa kuwa mingi huwa na tarehe, ukaone kama inapatana na kadi.

Kuhusu ufundi, nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Gari liwashwe likiwa baridi. Range Rover yenye springi za hewa iache imesimama usiku kucha. Asubuhi ukiikuta imeinama upande mmoja, hewa inavuja, na matengenezo yake hayana huruma. Injini za dizeli za V6 za Land Rover, za lita 2.7 na 3.0, zinajulikana kwa kukatika krankishafti, hivyo uliza historia ya oili. Jaribu gia nzito za tope, maana wengi hununua gari la porini wakalijaribu kwenye lami. Lala chini utazame kutu ya fremu: magari yaliyotoka nchi za theluji huliwa na chumvi inayomwagwa barabarani. Taa ya mito ya hewa ya usalama iwake unapofungua swichi, kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeing'oa.

Mwisho ni uhakiki wa karatasi. Rekodi ya gari la Kenya hutolewa na NTSA, na jina la mmiliki lazima liwe la huyo anayekuuzia, akiwa na kitambulisho mkononi. Kwa upande wetu, leteni gari kituoni kabla ya kulipa hata shilingi ya kishika nafasi. Namba ya chesisi itapelekwa kwa wenzetu wa Interpol mjini Kampala, waitafute katika orodha ya kimataifa ya magari yaliyoibwa. Muuzaji akisema hana muda wa kufika polisi, muage kwa heshima, kisha mje mtuambie alikuwa anaelekea wapi.