Magaga, Ukavu na Kuchubuka kwa Ngozi ya Miguu ya Watoto: Namna ya Kutunza, Kutibu na Kununua Dawa kwa Uangalifu

(Mada iliyotolewa kwa wazazi na walezi, Nyololo, Wilaya ya Mufindi)



 Tutazungumza juu ya miguu ya watoto wetu, hususan ngozi inayokauka, kupasuka na kuchubuka. Wako watakaoliona jambo hili kuwa dogo. Hata hivyo, ufa ulio katika unyayo wa mtoto ni mlango ulio wazi: vijidudu huingia kwa mlango huo, na fedha za familia hutokea hapo hapo, zikinunua dawa ambayo pengine si dawa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili maneno yao ni ya kweli kabisa.

Kwanza tueleze kwa nini ngozi hukauka. Tabaka la juu la ngozi limejengwa mfano wa ukuta wa matofali. Chembe za ngozi ndizo matofali, na mafuta ya asili yaliyo kati yake ndiyo udongo unaoyashikamanisha. Mafuta hayo yakipungua, maji ya mwili hupotea, ngozi hukakamaa, kisha hupasuka inapokunjwa kwa kutembea. Sisi tuishio Mufindi, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, tunaijua baridi ya mwezi Juni hadi Agosti. Hewa ya baridi ni kavu. Nasi, kwa kuikimbia baridi hiyo, humwogesha mtoto kwa maji ya moto sana, tena mara nyingine kwa sabuni ya unga au ya mche iliyotengenezwa kwa kufulia. Maji ya moto na sabuni kali huyaondoa mafuta yale yale ambayo ngozi inayahitaji. Kwenda peku juu ya udongo mkavu huongeza tatizo.

Hata hivyo, si kila ngozi inayochubuka imeharibiwa na baridi. Ni muhimu kutofautisha, kwa sababu tiba ya tatizo moja huweza kulizidisha tatizo jingine. Tunaomba mzazi amkalishe mtoto mahali penye mwanga na kuitazama miguu yote miwili: juu, chini na katikati ya vidole.

Nyayo zikiwa kavu, zinang'aa, na zina nyufa sehemu ya mbele na chini ya kidole gumba, huku katikati ya vidole pakiwa pazima, chanzo mara nyingi ni jasho na msuguano. Hali hii huwapata zaidi watoto wa umri wa kwenda shule. Mtoto hushinda ndani ya viatu vya plastiki, raba au mabuti ya mvua, miguu ikalowa jasho. Jioni huvua viatu, na miguu hukauka ghafla. Kulowa na kukauka huko kwa kila siku ndiko kunakoichosha ngozi.

Ngozi ikiwa nyeupe, laini kama iliyolowekwa, inawasha na kutoa harufu katikati ya vidole, hasa kidole cha nne na cha tano, tufikirie fangasi. Mtoto akijikuna sana usiku, akawa na vipele vidogo katikati ya vidole vya mikono na kiunoni, na wengine nyumbani wakawa wanajikuna pia, huenda huo ni upele, na tiba yake ni ya nyumba nzima kwa wakati mmoja. Ukavu ukiambatana na mabaka yanayowasha katika mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na ukawa unakuja na kuondoka, huenda ni pumu ya ngozi. Na uvimbe mdogo wenye kitone cheusi katikati, kandokando ya kucha au kwenye kisigino, ni dalili ya funza.

Kwa watoto wachanga tuna neno la pekee. Mtoto aliyezaliwa karibuni kuchubuka ngozi kidogo katika wiki zake za mwanzo, huku akinyonya vizuri na bila homa, ni jambo la kawaida. Lakini mtoto mchanga mwenye malengelenge au ngozi inayobambuka kwenye viganja na nyayo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hiyo huweza kuwa dalili ya kaswende aliyoipata tumboni mwa mama, na kaswende inatibika ikigunduliwa mapema.

Sasa tuseme juu ya tiba ya nyumbani kwa ukavu na magaga ya kawaida. Tiba hii ni rahisi, ila inadai kufuatwa kila siku.

Mwogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu, kwa muda usiozidi dakika 10, na utumie sabuni ya kuogea isiyo na manukato makali. Mkaushe kwa kugandamiza taulo au kanga taratibu bila kusugua, ukihakikisha katikati ya vidole pamekauka. Ndani ya dakika chache, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, mpake mafuta ya mgando kwenye nyayo na visigino. Mafuta hayaongezi maji ndani ya ngozi. Kazi yake ni kuyafungia yaliyomo yasitoke. Ndiyo maana kuyapaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka husaidia kidogo tu. Rudia asubuhi na jioni. Usiku, baada ya kupaka, mvalishe soksi safi za pamba. Usipake mafuta katikati ya vidole, kwani unyevu unaokaa pale hualika fangasi.

Mtoto avue viatu vya kubana mara afikapo nyumbani, na soksi zilizolowa jasho zibadilishwe siku hiyo hiyo. Magaga yasikwanguliwe kwa wembe wala kusuguliwa kwa jiwe. Ngozi ya mtoto ni nyembamba na huchanika upesi. Mafuta ya taa, maji ya betri na dawa za mifugo zisipakwe kamwe kwenye mguu wa mtoto, kwa sababu huunguza ngozi na sumu yake huweza kuingia mwilini. Funza nao wasitolewe kwa pini au mwiba unaotumiwa na watoto wengi. Kifaa kichafu huleta usaha na hata pepopunda, kwa hiyo mpelekeni mtoto kwa mtoa huduma ya afya, na mhakikishe amekamilisha chanjo zake.

Mkifuata utaratibu huu kwa wiki mbili, ukavu wa kawaida unapaswa kuonyesha nafuu. Usipoonyesha nafuu, tatizo huenda ni jingine, na hapo ndipo suala la dawa linapoingia.

Ndugu wazazi, sehemu hii ndiyo iliyotuleta hapa. Katika magulio na baadhi ya maduka ya vipodozi huuzwa krimu za tyubu zinazosifiwa kuwa zinatibu fangasi, vipele, madoa na magaga yote kwa pamoja. Baadhi ya krimu za namna hiyo huwa na dawa za jamii ya steroidi zenye nguvu kubwa, kama vile klobetasoli na betamethasoni. Hizi ni dawa halali zinapoandikwa na daktari kwa ugonjwa maalumu na kwa siku chache. Ni dawa za cheti. Sheria hairuhusu zitiwe katika vipodozi, kama isivyoruhusu humo zebaki na haidrokwinoni.

Hatari ya steroidi inafichwa na uzuri wake wa mwanzo. Steroidi hutuliza muwasho na wekundu kwa siku mbili tatu, na mzazi huamini amepata tiba. Lakini kama chanzo ni fangasi, dawa hiyo huudhoofisha ulinzi wa ngozi, na fangasi huenea chini kwa chini bila kuonyesha sura yake ya kawaida, hata mganga akashindwa kuutambua ugonjwa kwa haraka. Ikiendelea kutumiwa, ngozi hupungua unene, hupata michirizi na kuchanika. Watoto wako hatarini zaidi kuliko watu wazima, kwa kuwa ngozi yao hupitisha dawa nyingi zaidi ukilinganisha na ukubwa wa miili yao, na dawa ikiingia katika damu kwa wingi huweza kudumaza ukuaji.

Kwa fangasi wa miguu iko dawa inayofahamika, krimu ya klotrimazoli, isiyochanganywa na steroidi. Kwa kawaida hupakwa kwenye ngozi safi na kavu mara mbili au tatu kwa siku, na huendelea kupakwa kwa takribani wiki 2 baada ya dalili kutoweka. Wengi huacha muwasho unapokoma. Fangasi waliosalia humea upya, na mzazi hudhani dawa ilikuwa dhaifu.

Nunueni dawa katika famasi au katika Duka la Dawa Muhimu lenye kibali. Mpango wa maduka hayo ulianza mwaka 2003 katika Mkoa wa Ruvuma, ili wananchi wa vijijini wapate dawa kutoka kwa mtu aliyefunzwa kuzitoa. Kabla ya kulipa, tazameni mambo haya:

1. Jina la dawa iliyomo, si jina la biashara pekee. Mwulizeni mtoa dawa: "Je, hii ina steroidi?"
2. Jina na anwani ya mtengenezaji, pamoja na namba ya toleo.
3. Tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya mwisho wa matumizi.
4. Maandishi ya Kiswahili au Kiingereza. Krimu iliyoandikwa kwa lugha msiyoielewa msiipokee.
5. Tyubu au kopo lisilofunguliwa. Krimu iliyopimwa kwa kijiko kutoka kopo kubwa haina maelezo, na haijulikani ni nini.

Tangu mwaka 2019, usimamizi wa dawa na vifaa tiba uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania. Mkikuta bidhaa mnayoitilia shaka, au dawa ikimdhuru mtoto, itunzeni tyubu na sanduku lake, kisha mtoe taarifa katika kituo cha afya au ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iliyoko Mbeya. Tyubu tupu lenye namba ya toleo linatusaidia kuliko maelezo marefu.

Mwisho, mpelekeni mtoto kituo cha afya bila kuchelewa endapo mguu umevimba, una joto au unatoa usaha. Endapo kuna mistari myekundu inayopanda mguuni au ameota mtoki. Endapo ana homa, au hawezi kukanyaga. Na endapo ngozi ya vidole imeanza kubambuka baada ya siku za homa kali. Mueleze mhudumu kila kitu mlichompaka, hata kama ni dawa ya kienyeji. Hakuna atakayewahukumu, maelezo hayo ni sehemu ya tiba.

Maji ya uvuguvugu, mafuta ya mgando na soksi kavu vinaweza kumwondolea mtoto mmoja magaga yake. Kijiji kinachosoma lebo kabla ya kununua huwalinda watoto wake wote.