Tope Likikauka, Angalia Cheni

Msikilizaji unayeendesha pikipiki kwenye lami na vumbi, masika yameanza. Umetoka barabarani, umeingia kwenye tope, umefika salama. Kabla hujalala, angalia cheni.

Kwa nini cheni? Tope lina mchanga. Mchanga ukichanganyika na grisi, unasaga cheni na meno ya sproketi, kama msasa. Cheni iliyolika hulegea. Ikilegea sana huchomoka, na inaweza kukwamisha gurudumu la nyuma ukiwa mwendoni.

Basi fanya hivi. Kwanza, zima injini. Nasema tena: zima injini. Cheni inayozungushwa na injini hukata vidole. Weka gia huru, zungusha gurudumu kwa mkono.

Pili, safisha. Tumia brashi na mafuta ya taa. Usitumie petroli, inalipuka haraka. Futa kwa kitambaa hadi ikauke.

Tatu, paka oili ya gia, upande wa ndani wa cheni. Futa inayozidi, maana huvuta vumbi.

Nne, pima ulegevu. Inua cheni kwa kidole, katikati, upande wa chini. Kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha pikipiki yako. Usiikaze kupita kiasi. Ukipakia abiria au mzigo, itavutika na inaweza kukatika.

Kumbuka: zima injini, safisha, paka oili, pima. Kila unapotoka kwenye tope, angalia cheni.