Ekzosi Iliyotoboka Si Kelele Tu

Juma hili tuzungumze habari za ekzosi. Wako watakaouliza kama redio imekosa jambo kubwa zaidi. Lakini huku Kibaha na Kisarawe bado zinatembea Land Rover za Series II na Series III, gari ambazo kiwanda kiliacha kuziunda mwaka 1985, na nyingi zinanguruma kama mashine ya kusaga. Wenyewe husifia ngurumo hiyo, ati ndiyo sauti ya Land Rover halisi. Sivyo. Land Rover iliyo nzima haipigi kelele hivyo.

Jirani yangu wa Kibaha, mzee mstaafu, anayo moja ya petroli ya mwaka 1974. Jumapili huwapakia wajukuu nyuma, akaupanda mlima wa Pugu hadi Kisarawe kwa shemeji yake. Watoto walikuwa wakishuka wamelegea, vichwa vinawagonga, mmoja akitapika. Ikasemwa ni malaria, maana kwetu Pwani kichwa na kutapika ni malaria mpaka kipimo kikatae. Kipimo kikakataa. Basi ikasemwa ni kona za barabara. Hakuna aliyejiuliza kwa nini, wakishakaa chini ya mwembe saa mbili tatu, walikuwa wazima kabisa.

Hewa iliyowalegeza unaijua, msikilizaji. Ndiyo ile ya jiko la mkaa lililofungiwa chumbani usiku wa baridi. Huitwa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Unachonusa kwenye moshi ni vitu vingine. Ikiingia mapafuni hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu anavuta pumzi lakini damu haina nafasi ya kuibeba oksijeni. Injini ya zamani ya petroli, yenye kabureta na isiyo na kifaa cha kusafisha moshi kama gari za sasa, huitoa kwa wingi.

Tundu likiwa mbele, moshi hupenya kwenye nafasi za pedali. Likiwa nyuma, mambo ni mabaya zaidi kama turubali liko wazi, kwa sababu gari likikimbia hewa ya nyuma yake huzunguka na kurudi ndani pamoja na moshi. Mzee alikaa mbele dirishani akipata upepo. Wajukuu ndio waliokunywa moshi.

Sasa tuje kwenye kuziba. Dawa ya mtaani ni kopo la maziwa lililokatwa, likazungushiwa waya. Siwacheki wanaofanya hivyo, kwa maana humfikisha mtu nyumbani. Lakini ekzosi huoza kutoka ndani. Kila lita ya petroli inayoungua huzaa karibu lita moja ya maji, na gari linaloishia safari fupi za sokoni Maili Moja halipati joto la kuyakausha, yanabaki kwenye sailensa. Ukiona tundu kwa nje, chuma kinacholizunguka kimekwisha kuwa karatasi. Fundi akichomelea moja, anafungua mawili. Hapo ni kubadili kipande kizima.

Kuvuja kwingine ni kule juu, ekzosi inapoungana na injini. Dalili yake ni mlio wa tik-tik asubuhi injini ikiwa baridi, unaopotea chuma kikipata moto na kutanuka. Watu husema gari limepona. Halijapona. Litafute asubuhi, mahali pa wazi, kamwe si ndani ya banda: mmoja azibe mdomo wa bomba la nyuma kwa tambara nene kwa sekunde chache, mwingine asikilize panapofoka na kutazama palipoganda masizi meusi.

Kwa zile za petroli za lita 2.25 kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza. Bomba la kuingiza hewa na la kutolea moshi yamefungwa pamoja kwa bolti. Ukiyakaza hayo mawili kwanza, hayalali sawasawa kwenye injini, na gasketi mpya itaungua kama ya kwanza. Yaache yalegee kidogo, kaza kwenye injini kidogo kidogo ukianzia katikati, ndipo uyakaze yenyewe kwa yenyewe. Na pale bomba linapoteremka tumia nati za shaba. Za chuma hushikana kwa kutu, siku ya kufungua unakata bolti.

Kibaha haikosi watu wanaojua vyuma. Ndiko liliko shirika la Nyumbu la jeshi letu, na ndiko TAMCO ilikounganisha malori ya Scania. Fundi aliyelishika gari la mzee alimaliza kwa siku mbili, na wajukuu wakaacha kutapika.

Ikiwa safarini watu wawili watatu wanaumwa kichwa kwa pamoja, simamisha gari, zima injini, washushe wote wakae penye upepo. Aliyechanganyikiwa au kuzimia apelekwe hospitali upesi. Na kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kisikutulize, kwa kuwa huihesabu hewa hii kama oksijeni na kuonyesha namba nzuri. Mwambie daktari kwamba mgonjwa ametoka ndani ya gari lenye ekzosi mbovu.