Mchoro wa Vita Uliolipiwa na Umma



Mwaka wa 1503, serikali ya jiji la Florence, Italia, ilimpa Leonardo da Vinci kazi ya kuchora vita vya Anghiari vya mwaka wa 1440, ambapo Florence iliishinda Milan. Picha hiyo ilikuwa ya ukuta wa ukumbi wa baraza. Mwaka uliofuata Michelangelo naye alipewa vita vya Cascina vya 1364, katika ukumbi uo huo.

Kazi kama hiyo haikuanzia ukutani. Karatasi nyingi ziliunganishwa kwa gundi hadi zikafikia kipimo cha picha, kisha msanii akachora kwa makaa. Kwa kawaida mistari ilitobolewa vitundu kwa sindano, karatasi ikabandikwa ukutani na kupigwapigwa kifuko cha unga wa makaa. Ilipotolewa, alama zilibaki tayari kwa rangi.

Fedha zilikuwa za umma, hivyo mkataba uliandikwa. Leonardo alilipwa florini 15 kwa mwezi, naye alitakiwa kumaliza mchoro kufikia Februari 1505, la sivyo angeweza kudaiwa fedha hizo.

Matokeo yalikuwaje? Leonardo alijaribu mbinu mpya ya rangi ukutani. Rangi hazikushika, na mwaka wa 1506 akaondoka kazi haijaisha. Michelangelo aliitwa Roma na Papa Julius wa Pili kabla ya kuanza kupaka rangi. Wasanii vijana walimiminika kujifunza kutokana na michoro yao, lakini haikutunzwa. Ule wa Michelangelo ulikatwa vipande vikatawanyika. Leo vita hivyo tunavijua kupitia michoro ya maandalizi na nakala za wasanii wengine.

Ndugu wananchi, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni. Kwa hivyo funzo hili linatuhusu. Kabla ya msanii kupanda ngazi, rangi ijaribiwe kwenye kipande kidogo cha ukuta. Malipo yafuate hatua za kazi. Na mkataba useme wazi ni nani atakayetunza mchoro wa awali, kwa maana picha ikiharibika, huo ndio utakaobaki kwa watoto wetu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.